Maana na Matumizi ya Neno "Umwilisho" kwa Kuzingatia Wasikilizaji wa Gesima

Neno umwilisho limekwisha kupata makao katika Kiswahili cha Kanisa. Hutumika katika katekisimu, katika mahubiri ya Noeli na katika matangazo ya redio za Kikatoliki, na mara nyingi hutanguliwa na neno fumbo, kana kwamba watumiaji wake wanatahadharisha mapema kuwa si neno la kuulizwa maswali. Waprotestanti hulitumia kwa nadra. Wao hupendelea kusema kwa kitenzi: kwamba Neno alifanyika mwili, au kwamba Kristo alivaa mwili, au alitwaa mwili, na vitenzi hivyo hupokezana zamu katika mahubiri yale yale pasipo mtu kushtuka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vitenzi hivyo havisemi jambo moja, na kwamba tofauti zake hujitokeza waziwazi zikitazamwa mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya msikilizaji.

Mahali palipochaguliwa ni Gesima, wadi mojawapo ya Kitutu Masaba katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya chai na migomba ambayo kabla ya mwisho wa miaka ya 1980 ilihesabiwa katika Wilaya ya Kisii. Lugha ya nyumbani hapo ni Ekegusii. Kiswahili huja na shule, soko, baraza la chifu na kanisa. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaanza kazi Nyanchwa muda mfupi baadaye. Tangu hapo makanisa hayo mawili yamekuwa na nguvu kubwa katika Gusii nzima. Biblia kamili kwa Ekegusii haikupatikana mpaka mwaka 1988. Kwa hiyo wengi katika kizazi cha wazee wa makanisa walizoea kusoma Maandiko kwa Kiswahili, katika tafsiri ya muungano iliyotoka mwaka 1952. Hata leo, mhubiri mgeni akisimama kusema Kiswahili, aghalabu husimama kando yake mkalimani wa Ekegusii. Mkalimani huyo ndiye mhakiki wa kwanza wa neno linalojadiliwa hapa. Sentensi ikishatoka kinywani mwa mhubiri, hana budi kuamua, katika muda wa pumzi moja, ni nini hasa kilichosemwa.

Inafaa kuanza na asili ya dhana yenyewe. Neno la Kilatini lililorithiwa na lugha nyingi za Ulaya limejengwa juu ya caro, yaani nyama. Nyuma ya Kilatini kipo Kigiriki, ambacho kina maneno mawili: soma, mwili mzima kama umbo lenye viungo, na sarx, nyama iliyo hai, inayochoka, inayougua na kuoza. Mwandishi wa Injili ya Yohana alichagua la pili. Kauli yake ilikuwa kali kuliko inavyosikika katika tafsiri nyingi, na huenda ukali huo ulikusudiwa.

Kiswahili nacho kina maneno mawili, mwili na nyama, na mtu angeweza kudhani kwamba kazi ya mfasiri ilikuwa nyepesi. Lakini nyama ya Kiswahili imeelemea mno buchani na jikoni. Hupimwa kwa kilo, hukaangwa, huchomwa. Ni kweli kwamba husemwa pia juu ya binadamu aliye hai, kama mtu anapolalamika kwamba nyama za mwili zinamuuma. Hata hivyo, kusema kwamba Neno lilikuwa nyama kungechekesha baadhi ya wasikilizaji na kuwatisha wengine. Wafasiri wa 1952 waliweka mwili mahali pa soma na mwili mahali pa sarx. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini ulikuwa na gharama. Mwili ambao Neno alifanyika ndio mwili ule ule ambao Paulo, katika nyaraka zake, anauweka kinyume cha roho na kuuhesabia zinaa, ugomvi na ulevi. Msikilizaji aliyeonywa wiki baada ya wiki dhidi ya mambo ya mwili husikia siku moja kwamba Mungu mwenyewe amekuwa kitu kile kile alichokatazwa. Wahubiri wachache husimama kueleza. Wengi hupita.

Katika Ekegusii hali ni hiyo hiyo: omobere ni mwili, enyama ni nyama, na mkalimani hana neno la tatu la kukimbilia. Lakini Gesima ina jambo moja linalomsaidia, nalo halikutoka katika kamusi. Miongoni mwa Waadventista, mwili ni somo la kila siku. Huzungumzwa kama hekalu. Kinacholiwa na kisicholiwa hujulikana. Nyama ya nguruwe hukataliwa, na wako wanaoacha nyama za aina zote. Katika jumuiya ya namna hiyo neno mwili limepata heshima ambayo nyaraka za Paulo, zikisomwa peke yake kwa Kiswahili, zingeliondolea. Kwa hiyo msikilizaji wa Gesima husikia mwili kwa masikio mawili, moja la hukumu na moja la utunzaji, na la pili ndilo linaloikaribia zaidi maana inayotakiwa.

Sasa litazamwe neno umwilisho lenyewe kwa upande wa umbo. Ni nomino ya ngeli ya U iliyotokana na kitenzi cha kubuni, -mwilisha, ambacho nacho kimetokana na nomino mwili kwa kuongezewa kiambishi cha usababishi. Njia hiyo si ngeni. Tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 kila mtu amejua maana ya kutaifisha, kitenzi kilichojengwa juu ya taifa kwa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba taifa halina kiambishi cha mbele kinachoonekana, na mwili unacho. Kiswahili kinapounda nomino za ngeli ya U kutoka katika nomino zinazoanza na mw-, kwa kawaida hukidondosha kiambishi hicho: mwalimu hutoa ualimu, mwenyekiti hutoa uenyekiti, mwanachama hutoa uanachama. Ni kweli kwamba nomino hizo ni za watu, na mwili ni wa ngeli nyingine. Lakini kanuni hiyo ikifuatwa kwa ukali, ingetoa uilisho, neno ambalo hakuna angelielewa. Waundaji walifanya vyema kukihifadhi kiambishi, kama ilivyofanyika katika umwinyi.

Hata hivyo sikio halisomi mofolojia. Sentensi kama "Mungu alimwilisha Neno" humfikia msikilizaji kana kwamba ndani yake kuna kiambishi cha mtendwa, na jirani yake wa karibu kabisa ni alimlisha. Asiyelifahamu neno hilo hudhani kwamba habari ni ya chakula. Tena usababishi una uzito wake wa kitheolojia, maana huleta mtendaji na mtendwa: mmoja amwilishaye na mwingine amwilishwaye. Nomino umwilisho huuficha utengano huo, na pengine ndiyo sababu imedumu kama nomino na kitenzi chake kimebaki vitabuni. Katika umbo la nomino, hapana anayeuliza nani alimfanya nani nini.

Ndugu yake pacha ni neno utamadunisho, lililoenezwa na wanateolojia wa Kikatoliki, hasa baada ya Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994, kumaanisha Injili kutia mizizi katika utamaduni wa watu. Maneno hayo mawili yamefyatuliwa katika kalibu moja, na wanateolojia wenyewe hulifafanua la pili kwa la kwanza: kama Neno alivyoupokea mwili, ndivyo Injili inavyopaswa kuupokea utamaduni. Ulinganisho huo ni mzuri. Lakini anayeutumia anadaiwa jibu la swali linalofuata, nalo ni kama utamaduni huvaliwa, hutwaliwa, au ndicho kitu ambacho Injili huwa.

Hapo ndipo vitenzi vinapoingia, na ndipo penye kiini cha jambo. Vinavyotumika zaidi ni kuvaa mwili, kutwaa au kupata mwili, kujifanya mtu, kufanyika mwili, na kuwa mwanadamu.

Kuvaa mwili ndicho kinachopendwa na wahubiri, kwa sababu kina picha. Msikilizaji hukiona kitendo: mwili ni vazi, na mwenye vazi yumo ndani. Ubaya wake ni huo huo. Kinachovaliwa huvuliwa. Shati si mtu, na mtu akivua shati hapungukiwi na kitu. Tena katika Kiswahili kuvaa ngozi isiyo yako ni dalili ya hila. Kila mtu anamjua mbwa mwitu aliyevaa ngozi ya kondoo, na katika masimulizi ya pwani majini huvaa maumbo ya wanadamu ili wawapoteze watu njiani. Mhubiri anayesema kwamba Mungu alivaa mwili amemweka Mungu, bila kukusudia, katika safu ya wanaojificha. Wetu wa zamani wa Kanisa, yaani wale mababa wa karne za mwanzo, walipambana na watu walioshika fundisho karibu na hilo: kwamba Kristo alionekana tu kuwa na mwili, na kwamba njaa yake na maumivu yake yalikuwa maonyesho. Jina la fundisho lao limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuonekana.

Kwa Kiswahili fundisho hilo halihitaji jina la kigeni. Silabi moja yatosha: -ji-. Kufanyika mtu ni kuwa mtu; kujifanya mtu ni kuigiza mtu. Msemaji wa Kiswahili anayesema kwamba jirani yake anajifanya tajiri amekwisha kusema kwamba jirani huyo si tajiri. Kirejeshi hicho, ambacho katika vitenzi vingine hakina hatia yoyote, kama kujipika moyo au kujisomea, kikiambatana na -fanya huleta udanganyifu. Na bado kujifanya mtu husikika mara kwa mara kutoka kwa wahubiri wenye nia njema kabisa, kwa sababu wanataka kusisitiza kwamba alifanya kwa hiari yake mwenyewe, wala hapana aliyemlazimisha. Hoja yao ni sahihi na kitenzi chao kinaipinga. Mkalimani wa Ekegusii akitafsiri kwa uaminifu atatafsiri uongo. Akitafsiri walichokusudia atakuwa amewasahihisha mbele ya kusanyiko. Wakalimani wenye uzoefu hufanya hili la pili, na wanastahili sifa kuliko wanayopewa.

Kutwaa mwili na kupata mwili ni vya sala za Kikatoliki. Havina hila ya kuvaa, lakini vina udhaifu wao. Kutwaa, katika Kiswahili cha magazeti ya Kenya, ni kazi ya timu zinazotwaa kombe au ya watu wanaotwaa ardhi isiyo yao. Kupata mwili, katika mazungumzo ya kawaida, huweza kumaanisha kunenepa, hasa kwa mtu aliyekuwa mgonjwa akapona. Hayo ni madogo, na mazoea ya sala huyafuta. Lililo kubwa ni kwamba kitenzi cha kupokea kitu humwacha mpokeaji kando na kile alichokipokea: aliyetwaa ni mmoja, na kilichotwaliwa ni kingine.

Kufanyika mwili kina ugumu wa namna nyingine. Katika Kiswahili cha leo -fanyika ni kitenzi cha mikutano: mkutano utafanyika Jumapili, uchaguzi ulifanyika kwa amani. Au ni kitenzi cha uwezekano: jambo hilo linafanyika, yaani si gumu. Matumizi yake kwa maana ya kuwa kitu ambacho mtu hakuwa zamani yamepungua mitaani. Hapana asemaye kwamba binti wa jirani amefanyika mwalimu, amekuwa mwalimu. Lakini matumizi hayo hayajafa makanisani. Katika Kenya Wakristo husema kwa kawaida kwamba mtu fulani amefanyika baraka kwao, na hawamaanishi kwamba alivaa baraka wala kwamba aliigiza baraka. Wanamaanisha kwamba yeye mwenyewe, jinsi alivyo, ndiye baraka. Mkristo wa Gesima aliyezoea kusema hivyo anayo tayari mikononi sarufi inayohitajika. Kinachokosekana ni mhubiri wa kumwonyesha.

Biblia Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990, iliukwepa ugumu huo kwa kusema kuwa mwanadamu. Ni Kiswahili safi, na mtoto wa darasa la tatu anakielewa. Lakini mwili umepotea, na pamoja nao ile njaa na jasho ambavyo Kigiriki kilivitaja makusudi. Kuna kinyume kimoja cha kuchekesha kidogo. Mwanadamu, kwa asili ya neno lenyewe, ni mwana wa Adamu, nalo Mwana wa Adamu ni jina ambalo Kristo hujiita katika tafsiri ya 1952. Tafsiri mpya ililiacha jina hilo ikasema Mwana wa Mtu, kisha ikamleta Adamu kwa mlango wa nyuma pale ambapo tafsiri ya zamani haikumtaja. Lugha haipotezi kitu. Hukihamisha tu chumba.

Uchaguzi huu wa vitenzi si mchezo wa wasomi, na Gesima yaonyesha kwa nini. Kitenzi huingia mahali ambapo tayari pana maelezo mengine ya jinsi asiyeonekana anavyokuwa karibu na mwili. Pwani, pepo humpanda mtu, na mtu huyo huitwa kiti. Istilahi hiyo ni ya wazi kabisa: kiti hukaliwa, na aliyekikalia huinuka akaenda zake. Katika Gusii, mtoto hupewa jina la jamaa aliyefariki, na mzazi anaweza kumwita mwanawe mchanga tata, yaani baba, kwa kuwa amebeba jina la babu yake. (Ikumbukwe kwamba katika Ekegusii neno baba lina maana ya mama, mwanafunzi wa Gesima anayejifunza Kiswahili huanza safari yake na mtego huo.) Anayeita hivyo hasemi kwamba babu amekuwa mtoto. Anasema kwamba jina halikuachwa lilale nje. Wako pia chisokoro, mababu waliotangulia, na ebirecha, neno ambalo zamani lilihusu roho za wafu na ambalo mahubiri yamelisukuma hatua kwa hatua hadi kwa mashetani.

Tena yuko Sakawa, ambaye wengine humwita Sakagwa, nabii wa Abagusii wa karne ya 19, anayesimuliwa kwamba alionyesha huko Getembe, ulipo mji wa Kisii leo, mahali ambapo majengo ya wageni yangesimama, kabla wageni wenyewe hawajafika. Dini ya Mumbo iliyoanza kwa Waluo mwaka 1913 ilipoingia Gusii, jina la Sakawa liliunganishwa nayo, na baadhi ya wafuasi wakangoja kurudi kwake. Habari hizo amezichunguza Audrey Wipper katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu vuguvugu za upinzani mashambani nchini Kenya. Kitenzi cha Sakawa ni kurudi. Arudiye alikuwako kama mtu, na hurudi akiwa mtu yule yule.

Kwa hiyo msikilizaji wa Gesima anavyo vitenzi vitatu kabla mhubiri hajafungua kinywa: kupanda, kurithi jina, na kurudi. Akiambiwa kwamba Mungu alivaa mwili, ataliweka jambo hilo karibu na kupanda, na atakuwa na haki. Akiambiwa kuzaliwa upya, atachanganyikiwa, maana maneno hayo ambayo baadhi ya waandishi huyatumia kwa imani ya roho kuhamia mwili mwingine ndiyo yale yale ambayo kila mwinjilisti huyatumia kwa wokovu. Kinachotakiwa ni kitenzi ambacho si cha pepo, si cha jina wala si cha nabii arudiye. Kuwa na kufanyika ndivyo pekee vinavyosimama nje ya safu hiyo, na kati ya hivyo viwili, kufanyika kina faida ya kubeba mwili pamoja nacho. Tafsiri ya 1952 ilichagua vyema kuliko wengi walioifuata.

Lakini ilifanya jambo jingine lililo kubwa zaidi, ambalo wahakiki hawakulipa uzito unaostahili, kwa kuwa halimo katika msamiati. Limo katika upatanisho. Neno ni nomino ya ngeli ya LI-YA: neno hili, maneno haya, neno lilisemwa. Wafasiri hawakuandika nalo, waliandika naye. Hawakuandika lilifanyika, waliandika alifanyika. Na hawakungoja mpaka mwili utajwe. Tangu aya ya kwanza ya Injili hiyo, kabla ya ulimwengu, kabla ya Betlehemu, Neno limekwisha kuhamishwa kutoka katika ngeli ya vitu na kuingizwa katika ngeli ya wenye uhai. Kigiriki kina jinsia ya kisarufi, lakini hakina njia ya kufanya hivyo kwa kitenzi. Kiingereza huhitaji herufi kubwa, na herufi kubwa haisikiki. Kiswahili hufanya kwa silabi moja, na hata asiyejua kusoma huisikia.

Mbinu hiyo haikubuniwa na wamisionari. Kiswahili hukipa kila chenye uhai upatanisho wa A-WA hata kama umbo la nomino lina ngeli nyingine: kipofu alikuja, kifaru yule, ng'ombe huyu. Ndiyo inayotofautisha roho nzuri, ambayo ni tabia, na Roho Mtakatifu, ambaye ni nafsi. Ndiyo inayosema pepo mchafu. Shaaban Robert aliitumia katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Majivuno, kama sifa ya tabia, huyaharibu mambo. Majivuno, waziri wa Kusadikika, huyaharibu pia, lakini yeye hufanya hivyo kwa a-. Karama naye husimama mbele ya baraza akijitetea, na tangu hapo karama yake si kipaji bali ni mtu aliyekamatwa. Wahakiki huita uundaji huo wa wahusika kwa majina mbalimbali, na wengine huuchanganya na tashihisi. Tashihisi huipa sifa za mtu kitu ambacho hubaki kitu: upepo unaimba, mlima unanuna. Majivuno hakupewa sifa za mtu. Alipewa upatanisho wa mtu, na sifa zikafuata. Kama neno umwilisho litakuwa na kazi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, basi lipewe kazi hiyo, na lisitumiwe ovyo kwa kila mhusika bapa anayewakilisha wazo.

Sasa Gesima hukutana na kikwazo chake halisi. Ekegusii haihamishi wanyama na vitu kwa namna hiyo. Eng'ombe hubaki na upatanisho wa ngeli yake, na ring'ana, neno, vilevile. Ndiyo sababu mojawapo ya watu wengi wa bara, wakiwamo wa Gusii, kusema ng'ombe hii ambapo mtu wa pwani husema ng'ombe huyu. Kwa masikio hayo, naye badala ya nalo huweza kupita kama kosa dogo la kawaida, moja kati ya mengi ambayo kila mtu huyafanya, na tukio zima la kisarufi likapotea.

Shule huongeza ugumu. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na ngeli zimefundishwa kwa majina ya upatanisho wake, A-WA, LI-YA na mengineyo. Ufundishaji huo umefaulu. Mwanafunzi wa Gesima anajua kwamba neno ni la LI-YA, na akiandika katika daftari lake kwamba Neno lilifanyika mwili, mwalimu atampa vema. Akiandika alifanyika, kalamu nyekundu inaweza kumfuata. Kisha siku ya ibada, mwalimu yule yule, akiwa mzee wa kanisa, husoma naye kwa sauti wala hajikwai. Hapana uongo katika daftari wala katika kanisa; kuna kanuni mbili, na hakuna aliyemwambia mwanafunzi kwamba ya pili ni kanuni na si zoea la wazee.

Kamusi zingeweza kusaidia. Chini ya kidahizo neno ingefaa kuonyeshwa waziwazi kwamba nomino hiyo huchukua upatanisho wa A-WA inapotumika kwa nafsi, kama ambavyo ingefaa kuonyeshwa chini ya roho na pepo, na mfano utolewe kwa kila moja. Chini ya umwilisho msomaji aelekezwe kwenye kufanyika na kuwa, na aonywe dhidi ya kujifanya. Kwa mkalimani wa Gesima hayo ni mistari mitatu tu ya kusoma kabla ya ibada, lakini ni mistari ambayo mpaka sasa amekuwa akiitunga mwenyewe, akiwa amesimama.